Sekunde 45 za kumpata bingwa wa hisabati

Fainali za kitaifa za MATHCOUNTS, mashindano ya hisabati ya wanafunzi nchini Marekani, hukutanisha wanafunzi 224 wa darasa la 6 hadi la 8, wanne kutoka kila jimbo na wengine kutoka maeneo yaliyo chini ya taifa hilo. Hadi kufika hapo wamepenya mchujo wa shule, wa kanda na wa jimbo. Kisha bingwa wao hupatikana kwa kuwahi kubonyeza kitufe. Hapo ndipo ubishi wangu unapoanzia.

Kwanza haki itendeke. Mashindano haya yaliasisiwa mwaka 1983 na wahandisi, walimu wa hisabati na kampuni ya bima ya CNA, na karatasi zake zimetungwa kwa akili. Ya kwanza ina maswali 30 kwa dakika 40, bila kikokotoo. Ya pili ina maswali manane yanayotolewa mawiliwawili, kila jozi kwa dakika sita, na hapo kikokotoo kinaruhusiwa kwa sababu kibarua ni kuwaza, si kuzidisha. Ipo pia karatasi ya timu: watoto wanne, maswali kumi, dakika 20. Hiyo ndiyo niipendayo zaidi, maana mtoto hulazimika kumweleza mwenzake anachokiona kichwani, na mara nyingi akieleza ndipo naye anapoelewa.

Alama za mtu mmoja haziwezi kuzidi 46: moja kwa kila swali la karatasi ya kwanza, mbili kwa kila swali la pili. Lakini kwenye fainali ya kitaifa alama hizo hazimtawazi mtu, humpatia tu nafasi kati ya 12 bora. Hao 12 hupanda jukwaani wawiliwawili, swali huonyeshwa mbele ya umati, na muda wa juu kabisa ni sekunde 45. Aliyeongoza karatasi zote anaweza kuangushwa hapo na mwenzake mwenye kidole chepesi.

Chukua swali la aina hii: jumla ya namba witiri kutoka 1 hadi 99 ni ngapi? Aliyenolewa anajua zipo 50, na kwamba jumla yake ni 50 mara 50. Anabonyeza, anasema 2,500, ukumbi unashangilia. Mwingine hajawahi kukutana na kanuni hiyo. Anachora nukta moja, anaizungushia tatu pembeni upatikane mraba wa nukta nne, anaongeza tano zinakuwa tisa, na ghafla anang'amua kwa nini mraba haukosi kutokea. Huyu amegundua hisabati. Kengele imeshalia.

Watetezi wana jibu, na si la kupuuzwa. Hisabati haina jukwaa. Mkimbiaji hushangiliwa na uwanja mzima, ilhali mtoto wa hesabu hupongezwa kimyakimya kwenye ripoti ya muhula. Raundi ya vitufe humpa umati, msisimko na, jambo kubwa kuliko yote kwa umri wa miaka 13, wenzake wanaopenda anachokipenda. Tena wepesi nao ni ujuzi. Anayehangaika na sehemu na asilimia hana nafasi ya kuwaza makubwa.

Nakubali yote hayo, ila hayathibitishi kwamba mwepesi ndiye bora. Kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, washindani hupewa maswali sita kwa saa tisa, siku mbili: wastani wa saa moja na nusu kwa swali. Mwanahisabati Maryam Mirzakhani wa Iran, aliyepata dhahabu huko mwaka 1994 na 1995, alijulikana kwa kufanya kazi polepole, na mwaka 2014 akatunukiwa Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Mwanahisabati Laurent Schwartz wa Ufaransa, aliyeipata medali hiyo mwaka 1950, alisimulia jinsi alivyojiona mzito shuleni hata akadhani hana akili.

Tena kasi ina bei. Swali la sekunde 45 humpendelea aliyeshafanya mia yanayofanana nalo, na hayo hupatikana kwa mwalimu wa ziada, jioni na wikendi. Karatasi nazo hazijaepuka tatizo hilo, ila angalau zinampa asiyenolewa pumzi ya kutafuta njia yake.

Mimi nisingeifuta raundi ya vitufe. Ningeiachia kombe lake, makofi yake na kelele zake zote, halafu taji la bingwa wa taifa nikalikabidhi kwa mwenye alama nyingi kati ya zile 46.