Ushuhuda Usio na Tarehe

Hapa Mwanza ushuhuda una mtindo wake. Mtu anasimama, "Bwana asifiwe," tunajibu "Amina," kisha zinafuata pombe, wanawake, mganga, na mwisho tarehe ya kuokoka. Mimi tarehe sina. Nilibatizwa mchanga, nikapokea komunyo ya kwanza na wenzangu, nilipofika chuo nikahamia kwa walokole, baadaye nikarudi parokiani bila mtu kuniita. Kwenye mikesha yote sikuwahi kunena kwa lugha wala kuanguka. Nilidhani sina cha kusimulia. Siku hizi naona hadithi za namna hii ndizo tunazozikosa.

Mtindo wenyewe una asili. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukashika moto miaka ya 1930, ulipita Uganda ukaingia Bukoba, na kiini chake kilikuwa kuungama mbele ya ndugu bila kuficha. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo. Watu wa uamsho walirudisha hadi vitu walivyoiba. Sisi tumebakiza umbo tu, giza kisha nuru, na miaka ya katikati tunairuka.

Tunaowaruka zaidi ni bibi zetu. Bibi yangu alikwenda misa kila Jumapili, na nyumbani hakuacha kuwakumbuka masamva, wazee waliotangulia. Hakuona kama anachanganya mambo. Kwenye mkesha, mtu kama yeye anaitwa "laana ya ukoo" na jina lake linakemewa kwa kipaza sauti. Lakini nikijiuliza nani alinifundisha kwanza kwamba wasioonekana wanasikia, jibu ni yeye, si katekista (na katekista wetu alikuwa mzuri). Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alijenga kanisa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kisukuma, na Bulabo, ngoma za ushindani za Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, huchezwa majira ya sikukuu ya Ekaristi. Kanisa lenyewe limewapokea wazee, halafu mimi nimkane bibi ili nipigiwe makofi?

Kuna ushuhuda mwingine unaonisumbua kuliko huo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wamezikwa Igoma. Tangu hapo nimewasikia watu wakishuhudia kwamba walichelewa meli, au tiketi ilikosekana, kwa sababu Mungu aliwapenda. Naamini shukrani yao. Ila benchi la pili amekaa mtu aliyefiwa na ndugu kwenye meli ileile, naye anatakiwa aitikie "Amina." Ndani ya meli ile watu walisali, Wakatoliki, Walutheri, Waislamu. Anayeshuhudia kwa kusema "mimi niliokolewa" akaishia hapo, ameeleza nusu ya jambo.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mdogo wake siku ile. Zamu yake ikifika hasimulii muujiza. Husema aliacha rozari kwa miaka, akaianza tena bila kujua sababu, na kwamba na Mungu bado wana mazungumzo yasiyokwisha. Kuna wanaomwona hajakomaa kiimani. Mwenyekiti mmoja aliwahi kumwambia, kwa upole, "Mama, tumalizie na ushindi." Alimjibu kwamba ushindi ukija atauleta, kwa sasa ameleta alichonacho. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, nitakaa kumsikiliza huyo kuliko muhubiri yeyote wa uwanjani, na vijana wanaoingiwa na mashaka leo kisha wakajiona wamelaaniwa, ningependa wamsikie yeye kwanza.