Insha ya Muhula na Jedwali la Mradi

Mwanafunzi wa uzamili aliyetoka kazini huja darasani na mazoea yake ya kusimamia miradi. Akikabidhiwa mpango wa muhula, siku hiyo hiyo anafungua jedwali, kila kazi inapata mstari wake na tarehe yake. Wapo wanaomsifu, wapo wanaolalamika kwamba anageuza elimu kuwa kiwanda. Kinachobishaniwa hapo ni ratiba, na kwangu ratiba ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote za usimamizi wa miradi.

Nguvu ya usimamizi huo iko kwenye kuona kipi kinasubiri kipi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wataalamu wa kampuni mbili za Marekani, DuPont na Remington Rand, walibuni njia ya kuubaini ule mnyororo wa kazi ambao pingili moja ikichelewa, mradi mzima unachelewa. Sasa chukua insha ya maneno 5,000 inayotakiwa baada ya wiki sita. Kuomba kitabu kutoka maktaba nyingine ni dakika tano, ila kukisubiri kunaweza kula wiki mbili. Fomu ya kibali cha maadili ya utafiti unaijaza kwa siku mbili, kisha kamati ikakaa nayo mwezi. Asiyeuona mnyororo huo huanza kwa kusoma, maana kusoma ndiko kunakofanana na kazi. Wiki ya nne ndipo anakumbuka kuomba, na hapo hata akikesha, kitabu hakiji upesi zaidi.

Kazi za kikundi nazo hupona kwa jambo dogo tu: kuandika nani anafanya nini na lini, kabla watu hawajatawanyika.

Hata hivyo wanaopinga wana hoja, na nzito. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi binadamu anavyokadiria muda mfupi kuliko utakaohitajika, hata kama kazi za aina hiyo zilishawahi kumchelewesha. Hilo lina dawa: angalia insha iliyopita ilikuchukua siku ngapi, uandike hizo. Lisilo na dawa rahisi ni hili. Mstari unasema “kusoma makala 12”, na kumi na moja zimeshapakwa kijani. Ya kumi na mbili inabomoa swali lako lote. Jedwali linakudai uanze kuandika kesho. Nimewaona wenzangu, wenye akili kabisa, wakiifunga makala hiyo na kuendelea na swali ambalo wao wenyewe hawaliamini tena. Insha ilifika kwa wakati, ikapata alama za kutosha, na mwandishi wake hakutaka kuizungumzia. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu makala ile ya kumi na mbili ndiyo iliyokuwa masomo yenyewe.

Kwa hiyo mimi ningeanza na yale yanayotegemea watu wengine: maktaba, kamati, msimamizi, wanakikundi. Hayo yapewe tarehe kali, tena mapema. Swali la insha nalo lipate mstari wake, na katikati ya wiki ya tatu ziachwe siku mbili tupu, hakuna kusoma wala kuandika kulikopangwa, ili ukitaka kulibadilisha usiwe umechelewa.