Msinikatie bawa

Jamani, nyie wa studio za hapa Mwanza mjini, mnapokata picha ya mtu huwa mnaangalia mnachokata? Nimepeleka picha ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Vikuu vya Pili, niliyoipiga Duxford, Uingereza. Nilishusha spidi ya kamera hadi 1/125 ya sekunde ili pangaboi lionekane linazunguka. Ukiipandisha sana linaganda, utadhani injini imezimika hewani. Nimerudishiwa inchi 8 kwa 10, ncha ya bawa la kushoto haipo! Ndege iliyoruka mara ya kwanza 1936, na uzuri wake wote ni lile bawa la mviringo. Kamera yangu inatoa picha yenye uwiano wa upana kwa urefu wa 3 kwa 2, karatasi hiyo ni 5 kwa 4, kwa hiyo lazima pembeni paliwe. Acheni basi ukingo mweupe juu na chini, au niulizeni kwanza. Namba yangu mnayo.