Ukienda Tahiti kwa Meli, Usiku Usilale

Nimerudi wiki ya tatu sasa na kila anayenipigia simu anauliza kitu kimoja, maji ya Bora Bora ni ya bluu kweli kama kwenye picha? Ni ya bluu kweli jamani, bluu ambayo simu inashindwa kabisa kuitoa vile ilivyo. Lakini hilo silo lililonikaa moyoni. Lililonikaa moyoni ni kwamba kwenye safari za meli za kitalii kule Polynesia, Bahari ya Pasifiki, sehemu yenye maana kuliko zote ni ile ambayo abiria karibu wote wanailala, yani usiku, meli ikiwa katikati ya kisiwa na kisiwa.

Ngoja nieleze. Mimi kwetu Jambiani, Unguja, ila huu mwaka wa 11 naishi California, na kutoka San Francisco kuna ndege inaenda moja kwa moja mpaka Papeete, mji mkuu wa Tahiti, masaa nane na kitu. Mimi na mke wangu tulidunduliza miaka miwili tukachukua meli ya wiki moja inayozunguka Visiwa vya Society: Tahiti, Huahine, Raiatea, Taha'a, Bora Bora, Moorea. Tukaenda mwezi wa 11. Kwa asiyejua, French Polynesia ni visiwa 118, viko chini ya Ufaransa mpaka leo, vimetawanyika kwenye bahari kubwa kama Ulaya Magharibi, halafu nchi kavu yake ukiikusanya yote haifiki hata mara mbili ya Unguja na Pemba. Sasa watu wa namna hiyo, bahari kwao itakuwa nini?

Melini ratiba iko hivi. Jioni mnang'oa nanga, mnakula, kuna wacheza ngoma wamevaa majani, mnapiga makofi, mnalala. Asubuhi ukifungua pazia kuna kisiwa kingine dirishani, kama vile mtu amebadilisha chaneli. Bahari inakuwa ni kile kipande cha giza unachokipita ukiwa umelala ili ufike kwenye ufukwe. Na kwa hawa watu ilikuwa kinyume chake kabisa, bahari ndo ilikuwa njia, ndo shamba, ndo shule.

Miaka kama 3,000 iliyopita mababu zao walikuwa wameshafika Tonga na Samoa. Wakakaa hapo muda mrefu sana, halafu baadaye, kuanzia kama miaka 1,000 iliyopita, wakaondoka tena wakasambaa kwa kasi ambayo mpaka leo inashangaza, Tahiti, Marquesas, Hawaii, Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka), na mwisho New Zealand. Kutoka Hawaii mpaka New Zealand ni zaidi ya kilometa 7,000. Hawakuwa na dira, hawakuwa na chuma, mbao walichonga kwa mashoka ya mawe na wakazishona kwa kamba za nazi. Msomaji wa Lamu hapo ashaelewa, maana mtepe, chombo chao cha zamani, nao ulishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja.

Halafu wakaja wasomi wakasema hawa watu walifika kwa bahati, walipotea tu wakasukumwa na upepo. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl, Mnorwei, alisafiri kwa chelezo kutoka Peru siku 101 mpaka visiwa vya Tuamotu, huko huko French Polynesia, kuonyesha kwamba visiwa vilijazwa na watu walioletwa na mkondo kutoka Amerika Kusini, na dunia ikampenda sana. Hii inaniuma mpaka leo kama vile walisemwa ndugu zangu. Yani mtu anajaza watu kwenye visiwa vya bahari kubwa namna hiyo, na mbegu zake, na kuku wake, na mbwa wake, na mke na watoto, halafu unamwambia ulipotea?

Jibu lilikuja mwaka 1976. Watu wa Hawaii walijenga mtumbwi wa matumbo mawili kama ule wa zamani, Hōkūleʻa, wakataka kwenda nao Tahiti bila kifaa chochote. Tatizo, Hawaii yenyewe ile elimu ilikuwa imeshapotea, hakuna aliyebaki anaijua, ikabidi waende kumtafuta Mau Piailug kisiwa cha Satawal kule Micronesia, mmoja wa wachache waliokuwa wamebaki na elimu hiyo. Akawaongoza kwa nyota na kwa mawimbi, kilometa zaidi ya 4,000, zaidi ya siku 30 baharini. Walipoingia Papeete walikuta watu karibu 17,000 wamejaa pwani wanawasubiri. Kila nikiifikiria hiyo picha nasisimka, maana wale watu walitoka kwenda kuwaona babu zao wanarudi.

Sasa Raiatea. Kisiwa hiki hakina fukwe za maana, na melini tuliambiwa kabisa kwamba siku ya Raiatea wengi hupumzika au huenda kwenye kisiwa kidogo cha mchanga kuogelea na kuchoma nyama. Zaidi ya nusu ya tuliokuwa tunakula nao meza moja wakafanya hivyo. Siwalaumu, wamelipa pesa zao, ila waliowaambia hivyo wamewakosesha kitu kikubwa, kwasababu Raiatea ndo kitovu cha hiyo Polynesia yote ya mashariki. Kutoka bandari ya Uturoa unaenda kwa gari karibu saa nzima mpaka Opoa, na hapo pana Taputapuātea, uwanja wa ibada wa mawe, wao wanaita marae, UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2017. Mitumbwi ilikuwa inatoka visiwa vya mbali kuja kukutana hapo, na waliokuwa wanahama walichukua jiwe la hapo wakaenda kuanzia nalo marae mpya huko walikokwenda.

Ukifika hutaona jengo. Ni sakafu ya mawe meusi, mbele yake yamesimamishwa mawe mapana ya matumbawe, marefu kumzidi mtu, yameelemeana kidogo, yana madoa meupe na ya kijani ya kuvu, na katikati ya mawe ya sakafu kuna vipande vya makombe vimepauka kabisa. Upepo, bahari hapo hapo, na mbele unaona mlango kwenye mwamba ambako mawimbi hayavunji. Huo mlango una jina lake, Te Ava Moʻa, mlango mtakatifu, mitumbwi iliingilia hapo. Mimi mtoto wa Jambiani naijua hiyo hali, kwetu pia mwamba una milango na kila mlango una jina na mvuvi akikosea mlango ndo basi. Nilisimama pale muda mrefu sana mpaka mke wangu akanishika mkono.

Aliyetuongoza alikuwa mama mtu mzima kidogo, mwenyeji wa Opoa, nikamwita mama kwa mazoea yangu na yeye akaitika kawaida tu, kumbe na wao wanawake wakubwa wanawaita hivyo hivyo, māmā. Yeye ndo alinieleza habari za Tupaia. Huyu alikuwa kuhani na baharia wa hapo Raiatea, mwaka 1769 akapanda meli ya Kapteni Cook, akawachorea Waingereza ramani ya visiwa 74 kutoka kichwani mwake, na walipofika New Zealand akawa anaongea na wenyeji wakaelewana, wakati hapo katikati kuna bahari ya maelfu ya kilometa. Alifariki Batavia, Jakarta ya leo, mwaka 1770, hakurudi tena kwao.

Kitu kimoja cha Tupaia nitakikumbuka siku zote. Cook alijiuliza watu hawa wamewezaje kuja kutoka magharibi wakati upepo wa huko karibu mwaka mzima unavuma kutoka mashariki, yani unakupiga usoni. Tupaia akamwambia kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa kwanza upepo unageuka, unakuja wa magharibi na mvua, na watu wanajua kuutumia. Basi! Si ndo kusi na kaskazi hizi? Majahazi ya Arabuni yalikuja kwetu na kaskazi yakarudi na kusi, kila mtoto wa pwani analijua hilo bila kufundishwa darasani. Maprofesa walibishana miaka mingapi juu ya swali ambalo Tupaia alikuwa ameshalijibu.

Na mwezi huo wa 11 una alama yake juu. Yule mama akaniambia kwao msimu wa neema unaanza pale zile nyota ndogo zilizosongamana zinapoanza kuonekana jioni baada ya jua kuzama, wanaziita Matariʻi. Nikamwambia mama subiri, hizo nyota ni ngapi, zimekaaje? Akanionyesha kwa vidole amevikusanya. Kilimia! Nikamwambia kwetu zinaitwa Kilimia, ndo nyota za kulimia, na wazee wana usemi, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akanirudisha mara mbili nilitamke hilo jina. Kili-mia. Kule New Zealand wanaziita Matariki na tangu 2022 ni sikukuu ya taifa kabisa, na sisi Kilimia chetu watoto wangapi wanakijua?

Usiku ule meli ikitoka Raiatea kwenda Bora Bora sikwenda kwenye onyesho. Nikamuuliza kijana mmoja wa melini wapi pana giza, akaniambia nenda omo, mbele kabisa ya meli, huko taa zinazimwa ili wanaoendesha meli waone mbele. Nikaenda na mke wangu. Dakika kumi za kwanza huoni kitu, macho bado yana taa za ndani, halafu polepole zinaanza kutoka, moja, kumi, mbingu nzima. Kilimia kilikuwa upande wetu wa kulia, kaskazini mashariki, kimeshapanda. Tulikuwa wawili tu pale. Meli yenye mamia ya watu, inapita kwenye njia ileile ya Tupaia, usiku uleule wa msimu wake, na omo pako watu wawili. Nilisikia uchungu, kiukweli.

Kwahiyo maoni yangu ndo hayo. Simwambii mtu asiende kwa meli, kule hoteli ni ghali mno na meli inakufikisha sehemu nyingi kwa mpigo. Ninachosema, siku ya Raiatea nenda Opoa. Huahine nenda kijiji cha Maeva ukaone mitego ya samaki ya mawe kwenye maji, ya tangu enzi hizo na bado wanavulia, ni uzio kama wetu tu ila wetu wa fito wao wa mawe. Taha'a utanusa vanila kabla hujashuka, na ukimwona mkulima anachavusha ua mojamoja kwa kijiti kumbuka aliyegundua hiyo njia mwaka 1841 alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12 kwenye bahari yetu hii, Edmond Albius wa kisiwa cha Réunion. Na wale wacheza ngoma wa jioni uwaangalie kwa heshima, maana wamisionari waliwahi kuipiga marufuku hiyo ngoma na wao wakaishikilia mpaka ikapita.

Na meli ziongee ukweli wote. Wiki nzima hakuna hata tangazo moja lililotaja Moruroa na Fangataufa, visiwa vya huko huko French Polynesia, ambako Ufaransa ililipua majaribio ya nyuklia 193 kati ya 1966 na 1996. Yule mama alilitaja mwenyewe, kwa sentensi moja, akaangalia pembeni.

Chakula sina wasiwasi nanyi, mtajisikia nyumbani. Shelisheli, magimbi, na samaki mbichi jodari kwenye ndimu na tui la nazi, mke wangu alikula siku nne mfululizo. Na undugu wenyewe si wa chakula tu. Hao watu na Wamalagasi wa Madagascar asili yao ya lugha ni moja, saba kwa Kimalagasi ni fito kwa Kitahiti ni hitu, nane ni valo na vaʻu, na mababu wa hao Wamalagasi waliovuka Bahari ya Hindi ndo wanaosemwa kutuachia umbo la ngalawa. Safari nyingine Mungu akijaalia nataka Aranui, ile meli nusu mizigo nusu abiria inayotoka Papeete kwenda Marquesas, inashusha unga na saruji inapakia mbata, watu wanaisubiri bandarini kama Kigoma walivyokuwa wanaisubiri Liemba. Hapo unaona kisiwa kinaishije.

Moorea siku ya mwisho nilipiga picha vaʻa imelazwa mchangani, mtumbwi wao, nikamtumia baba mkubwa Jambiani, yeye ni fundi ngalawa tangu ujana wake. Ya kwetu ina zile mbao mbili za pembeni za kuizuia isipinduke, ya kwao ina mti mmoja tu, upande wa kushoto. Alikaa kimya siku nzima. Usiku akanitumia sauti, anasema hiyo ya upande mmoja ameitazama sana, anayeipanda lazima awe anajua kukaa, halafu akaniuliza kamba wamefunga vipi pale kwenye kiungo, mbona picha haionyeshi vizuri.