Simba Simwogopi, Naogopa Saa Kumi

Watu wakisikia napika kwenye kambi ya uwindaji, wananiuliza habari za simba. Simba wa Rungwa, pori la akiba huku Tanzania, ana akili zake. Mimi ninayegombana naye ni saa kumi ya usiku, mwezi wa Julai.

Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, baridi ikiwa imenoa meno. Aliyepanga hivyo hakuwa mpishi. Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kila nikipuliza kuni gizani nawawaza wapishi wa kule, wamelala. Huku mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni kuwinda, anataka gari litoke mapema, maana nyati hunywa maji usiku, na jua likipanda ameshajificha vichakani. Kwa hiyo wakubwa waamke wakute moto, maji ya kunawa, kahawa, mkate. Kauwasha nani huo moto? Moto wa porini si hujiwasha wenyewe!

Mkate ndio unaonidhalilisha. Tuna sanduku la bati: makaa chini, makaa juu, katikati dua. Hilo halinishindi. Shida ni hamira, kwa baridi ile inagoma kabisa. Unakanda jioni, alfajiri unga umenuna vilevile. Nikaona isiwe tabu, nikaanza kulala nao. Beseni ndani ya blanketi, mimi pembeni. Unaumuka vizuri ajabu. Ila nikifika mjini kwenye mtandao, mke wangu akauliza nalala na nani huko porini, nashikwa na kikohozi.

Lakini kilichoniudhi zaidi ni supu.

Mkia wa nyati hauna haraka. Unauinjika jioni kwa kuni za mlama, zinashika moto mpaka alfajiri. Tangawizi, kitunguu, pilipili, ndimu mwishoni. Juu ya kifuniko jiwe, na juu ya jiwe jingine, kwa sababu fisi wa kule hawana adabu, walishabeba hata kiatu cha askari wa wanyamapori. Ukifunua alfajiri, mtu mzima anatokwa na machozi. Hiyo na chapati ndiyo kifungua kinywa cha vijana: wafuata nyayo, wachuna ngozi, dereva, askari. Hawa wanatembea mpaka jua la utosi. Ukiwapa mkate na jemu wanakutazama tu.

Mgeni wetu katoka Texas. Anataka mayai, lakini ute mweupe peke yake. Kiini daktari kamkataza. Mtu kavuka bahari kuja kumwinda nyati, mnyama ambaye ukimjeruhi anarudi kukutafuta wewe, halafu anaogopa kiini cha yai! Nikatenganisha kwa mwanga wa tochi, vidole vimekufa ganzi. Viini nikavitia bakulini. Nikatandika kitambaa cheupe, maana kambi hizi bila kitambaa cheupe chakula hakiliki, nikapanga kila kitu.

Akaja kavaa makoti mawili. Akakaa, akanusa. Akauliza harufu ile ya nini. Mwindaji bingwa, badala ya kunyamaza, akamweleza.

Mgeni akabeba kiti chake mpaka motoni kwa vijana. Bakuli la kwanza, pilipili ikamtoa jasho, akavua koti. Bakuli la pili, akavua koti la pili. La tatu nikageukia pembeni, nikihofia shati. Chapati anachovya kama kazaliwa Tabora. Eti daktari! Kumbe daktari alitaja kiini tu, mafuta ya mkia wa nyati hakuyagusia.

Na nani amzuie? Kambi nzima inakula kwa fedha yake. Vijana wamesimama na mabakuli matupu, wananikodolea macho mimi. Siyo yeye, mimi! Dereva, mtani wangu Mgogo, akaninong'oneza:

"Mnyamwezi, leo gari haliwaki."

"Betri?"

"Betri ipo. Supu ndiyo haipo."

Mwindaji bingwa anapiga kelele, kunapambazuka, mgeni anajilamba vidole. Nikachukua vile viini, nikavikaanga kwa kitunguu na nyanya, nikachanganya na ute wa Texas uliokuwa umepoa pale juu ya kitambaa cheupe. Wakala wamesimama. Asante sikuisikia, labda ilipeperushwa na upepo.

Gari likawaka. Askari wa wanyamapori, mtu mpole, akapanda wa mwisho.

"Mpishi, kesho injika mikia miwili."

"Afande, nyati aliyepigwa ni mmoja, na mkia wake mmoja."

Akafikiri. Leseni anazihesabu yeye, anajua.

"Basi kesho huyu mgeni mpe uji."