Mtoto njiti akaguliwe macho hata kama haonyeshi dalili

Akina mama wa watoto njiti huuliza swali la haki kabisa: mtoto ananyonya, uzito unapanda, macho yanang'aa, sasa daktari wa macho wa nini? Ni kwa sababu ugonjwa unaotafutwa, ugonjwa wa retina wa watoto njiti (ROP), uko nyuma ndani ya jicho, kwenye retina, yaani utando unaopokea mwanga, na kwa nje hakuna cha kuona. Weupe ukishajitokeza kwenye mboni, mara nyingi retina imeshabanduka.

Mishipa ya damu ya retina huanza kukua mimba ikiwa na wiki kama 16, ikitoka katikati kwenda pembeni, na hukamilika karibu na wiki ya 40. Mtoto akizaliwa na wiki 28, pembeni bado hakujafikiwa. Oksijeni anayopewa ikizidi, ukuaji huo husimama. Baadaye sehemu isiyo na mishipa hupungukiwa oksijeni, na jicho huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayokwenda ovyo. Hiyo huvuja na kuleta makovu, na makovu huivuta retina. Oksijeni yenyewe hatuwezi kuinyima: miaka ya 1950 ilibanwa ili kuokoa macho, na watoto wakafa. Kinachobaki ni kuipima kwa uangalifu, na kukagua macho.

Ukaguzi wa kwanza kwa kawaida hufanywa wiki 4 hivi baada ya kuzaliwa; kwa waliozaliwa wachanga mno husubiriwa kidogo zaidi. Mtoto hutiwa matone ya kupanua mboni, kope hushikwa wazi kwa kifaa kidogo, na daktari humulika kwa taa ya kichwani kupitia lenzi. Anatafuta mpaka wa mishipa: ni mstari mwembamba tu, au umeshainuka kama tuta? Kisha hutazama mishipa ya katikati. Ikiwa imevimba na kujipindapinda, hapo hakuna kungoja. Leza au sindano ya dawa ndani ya jicho hutakiwa katika siku 2 au 3. Mtoto hulia sana wakati wa kukaguliwa. Afadhali kilio hicho.

Kinachoniuma ni siku ya kuruhusiwa. Mama anaambiwa kwa mdomo tu, "utarudi kliniki ya macho," basi. Kwangu mimi, hakuna njiti anayepaswa kutoka wodini bila tarehe hiyo kuandikwa kwenye kadi yake, na mama kuelezwa sababu. Tena aelezwe kwamba majibu mazuri ya mara moja hayatoshi; macho hukaguliwa tena kila baada ya wiki 1 hadi 3, mpaka mishipa ifike pembeni.