Theluthi ya VETA na vijiti viwili vya kuchomelea

Jengo lilikuwa jipya, rangi bado inanukia. Ndani kulikuwa na mashine mbili za kuchomelea na vijana kumi na wanane. Mwalimu alitoa pakiti ya vijiti vya kuchomelea kabatini, akaifungua, akagawa viwili viwili. Hivyo ndivyo vya mchana wote. Binti mmoja, ovaroli imemzidi kimo, alikigusisha chake kwenye chuma kikanasa. Alipokivuta kwa nguvu, unga wa juu ukapukutika, na nusu ya mazoezi yake ya siku ile ikaishia hapo.

Chuo hicho ni cha wilaya na sitakitaja, maana kosa si la mkuu wake wala la mwalimu yule. Nilichokiona pale kinatokana na namna tunavyokusanya na kugawa fedha za ufundi katika nchi hii.

Fedha zenyewe zina jina: Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo wahasibu huiita SDL. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania. Wazo lilikuwa la haki kabisa: mwajiri anayefaidika na fundi achangie gharama ya kumfunda. Mfanyakazi hakatwi chochote. Mwajiri hupiga asilimia juu ya mishahara yote anayolipa, akaipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Kisha linakuja suala la mgawanyo: kwa miaka mingi VETA imepata theluthi moja, theluthi mbili zikabaki Hazina, na fungu hilo la Hazina limekuwa likisaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu.

Waajiri wamelalamika tangu zamani, na Chama cha Waajiri Tanzania kimelibeba jambo hili mwaka hadi mwaka. Hoja yao ni kwamba tozo ni kubwa, inapandisha gharama ya kuajiri, na anayeumia ni yule anayefuata sheria huku jirani yake asiye rasmi akiwa halipi kitu. Serikali imewasikia. Kiwango kilishuka kutoka asilimia 6 hadi 5 mwaka 2013, kikawa 4.5 mwaka 2016, na tangu mwaka 2023 ni 3.5. Mwaka 2021 idadi ya chini ya wafanyakazi inayomfanya mwajiri alipe tozo ilipandishwa kutoka wanne hadi kumi. Kwa mwenye karakana ndogo hii ni nafuu ya kweli, na sioni sababu ya kumnyima.

Lakini tupige hesabu. Chukua mfanyakazi mmoja anayelipwa Sh500,000 kwa mwezi. Wakati wa asilimia 6, mwajiri alitoa Sh30,000 juu yake, na theluthi ya VETA ilikuwa Sh10,000. Leo anatoa Sh17,500, na theluthi ile ile ni kama Sh5,800. Ni kweli kwamba walio kwenye ajira rasmi wameongezeka na mishahara imepanda, hivyo jumla ya makusanyo haikupungua kwa kasi hiyo. Hata hivyo, kila kiwango kinaposhushwa mgao haujadiliwi, na VETA inapunguziwa pamoja na Hazina wakati idadi ya vyuo inaongezeka.

Wanaotetea theluthi mbili za Hazina wana hoja nzito. Mtoto wa mkulima aliyefaulu kusoma uhandisi hawezi kufika chuo kikuu bila mkopo, na uhandisi nao ni ujuzi. Tena, serikali ikifunga kila shilingi kwenye kazi moja, haibaki na nafasi ya kupanga. Hayo yote nayakubali, ila nakwama kwenye uwiano. Wahandisi wetu wenyewe hupenda kutaja kwamba mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu watano na mafundi mchundo, wale wa kazi za mikono, ishirini na watano chini yake. Ukigawa fedha kwa namna ya kumsomesha yule wa juu kwanza, utakuwa na mchoro mzuri mezani na usiwe na wa kuujenga. Na hata mikopo yenyewe, ilipopanuliwa mwaka 2023 kwenda kwa wanafunzi wa stashahada wa fani chache za kipaumbele, ilimwacha nje yule anayesomea uashi au ufundi bomba ngazi ya kwanza ya VETA.

Upande mwingine wa sera ni majengo, na hapa serikali inastahili kusifiwa bila kigugumizi. Vyuo vya wilaya 25 vilijengwa, vikapigwa jeki na fedha za mkopo wa UVIKO-19 za mwaka 2021. Kisha ukaja mpango wa vyuo vingine 64 vya wilaya na kimoja cha mkoa wa Songwe. Kwa mtu wa mjini hili linaweza kuonekana dogo. Kwa mzazi wa kijijini aliyekuwa anaambiwa chuo cha karibu kiko mkoa wa pili, ni jambo kubwa, na hasa kwa wasichana, ambao wazazi wengi husita kuwapeleka mbali. Binti wa ovaroli kubwa asingekuwepo pale kama chuo kisingejengwa wilayani kwao.

Tatizo ni kwamba jengo hujengwa mara moja, likazinduliwa, likapigwa picha. Vijiti vya kuchomelea, nyaya, mbao, saruji na mafuta ya mashine vinanunuliwa kila wiki, na hakuna anayekata utepe kwa ajili yake. Kujifunza kuchomea mshono ulionyooka kunataka kuunguza vijiti vingi sana, vingi vyao vikiharibika. Ada haiwezi kuziba pengo hilo. Kwa miaka mingi imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni, na ni vema ibaki chini, maana ndiyo inayomruhusu maskini kuingia. Lakini Sh120,000 haimlishi kijana hata muhula mmoja, sembuse kumnunulia chuma cha kujifunzia. Kinachobaki ni chuo kupokea zabuni za madawati na madirisha ili kijiendeshe. Kazi halisi inamfunza mwanafunzi, sikatai. Ila mteja akitaka madawati mia kwa wiki mbili, wanaoshika mashine ni wale wanaojua tayari, na mgeni anabaki kusafisha kutu.

Kenya walichukua njia nyingine. Tozo ya waajiri wao ni ndogo, KSh50 kwa mfanyakazi kwa mwezi, lakini tangu mwaka 2018 Hazina yao iliahidi KSh30,000 kwa kila mwanafunzi wa ufundi kwa mwaka, fedha zikimfuata mwanafunzi hadi chuoni. Udahili ukafumuka. Baadaye vyuo vikalalamika kwamba fedha zinachelewa, na walimu wakawa na madarasa yaliyojaa huku akaunti zikiwa tupu. Kwa hiyo sidai kwamba jirani ametupita. Ila alichopata ni swali rahisi ambalo mzazi anaweza kumuuliza mkuu wa chuo: fedha ya mwanangu imefika? Kwetu mzazi hana pa kuanzia kuuliza.

Wapo wanaosema chuo chenyewe kimetiwa chumvi, fundi bora anatoka kwenye karakana za mitaa ya Gerezani na Keko, Dar es Salaam, chini ya bwana mkubwa aliyejifunza kwa kuungua vidole. Wana ukweli wao. Utaratibu wa VETA wa kuurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, kuwapima na kuwapa cheti, ni katika mambo ya busara zaidi tuliyofanya kwa gharama ndogo. Lakini cheti kinathibitisha kile fundi anachokijua tayari. Kusoma mchoro, kupima umeme wa njia tatu, kujikinga macho, hayo lazima mtu ayafundishe.

Na sasa mzigo unaongezeka. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kuanzia kidato cha kwanza. (Neno amali Wazanzibari walikuwa nalo siku nyingi kwa mafunzo haya, nasi tumeliazima.) Mimi naipenda sera hii. Ila tumewahi kupita njia hii: miaka ya 1970 sekondari zetu zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Shule nyingi zilibaki na jina la mchepuo, karakana ikageuka stoo, somo likafundishwa kwa chaki. Wazo lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni fedha ya kila mwezi.

Ndiyo maana siutaki tena mjadala wa asilimia peke yake, kwamba iwe 3.5 au 3. Kiwango kiendelee kushuka kama uchumi unataka, lakini sheria igeuze mgao: theluthi mbili ziende kwenye mafunzo ya ufundi, moja ibaki Hazina, na ndani ya hizo mbili kuwe na fungu la vifaa vya mazoezi lisiloguswa kwa ujenzi wala posho. Mikopo ya vyuo vikuu itafutiwe chanzo chake kwenye bajeti kuu, mbele ya wabunge, ijulikane.

Binti yule alipomaliza kijiti cha pili alikaa kwenye benchi la mbao, kinga ya macho mapajani, akiwatazama wenzake. Ilikuwa saa nane na nusu. Kipindi kilikuwa kinaisha saa kumi.